Ajali Haina Kinga? Mtoto wa Kupakatwa Katika Matatu za Riruta

Kila asubuhi ya siku ya kazi, vituo vya matatu vilivyo kando ya Naivasha Road, kutoka Kawangware hadi Riruta Satellite, hufurika watu. Miongoni mwa wanaong'ang'ania nafasi ni wazazi waliobeba watoto wachanga wanaopelekwa kliniki, na wengine walioshika mikono ya watoto wa chekechea. Utingo huwatazama, huhesabu viti vilivyosalia, kisha hutoa amri ambayo kila mkazi wa Nairobi anaifahamu: "Mama, pakata mtoto." Mama hupakata. Aliye na watoto wawili humpakata mmoja na kumwomba abiria wa jirani ampakatie wa pili. Hakuna anayeshangaa wala kulalamika, kwa kuwa mtoto aliyepakatwa halipiwi nauli. Mlango hufungwa na gari huondoka.

Desturi hii ina sura ya huruma na ya kusaidiana, na hapana shaka kwamba wanaoifuata wanawapenda watoto wao. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mapaja ya mzazi si mahali salama pa mtoto ndani ya gari linalokwenda, na kwamba mazoea ya kuamini vinginevyo yameshikiliwa na mambo matatu: methali moja isiyoeleweka vyema, kitenzi kimoja kitamu, na bei ya nauli. Mawili kati ya hayo ni mambo ya lugha, na kwa hiyo yanawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Tuanze na methali. Kila gari linapopinduka au kugongana na jingine, waombolezaji husikika wakisema, "Ajali haina kinga." Neno ajali limetoholewa kutoka Kiarabu, ambako humaanisha muda uliowekwa, hususan siku aliyokadiriwa mtu kufa. Maana hiyo ndiyo inayoipa methali mantiki yake: siku ya mtu ikifika hakuna ngao wala hirizi itakayoirudisha nyuma. Ni kauli ya kumliwaza mfiwa. Katika Kiswahili cha leo, hata hivyo, ajali ni tukio la gari kugonga, kupinduka au kutumbukia mtoni. Maana ya neno imehama ilhali methali imebaki pale pale, na matokeo yake ni kwamba maneno yaliyokusudiwa kufariji baada ya msiba yamegeuka kuwa hukumu inayotolewa kabla ya safari. Ikiwa ajali haina kinga, mkanda ni wa nini? Ikiwa siku imefika, kiti maalumu cha mtoto kitasaidia nini? Ni kweli kwamba kifo hakina kinga. Kugongana kwa magari kuna kinga nyingi: breki nzima, mwendo wa wastani, dereva asiyelewa, mkanda uliofungwa, na kwa mtoto, kiti kinachomtosha.

Sasa kitenzi. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani na kumzungushia mikono. Ni neno la mapenzi, linalobeba joto la mama, usingizi wa mtoto na utulivu wa nyumba. Sebuleni au barazani, mtoto hana mahali bora kuliko mapaja. Tatizo ni kwamba neno hilo limepanda matatu likiwa na sifa zake zote za nyumbani, na msikilizaji hudhani kwamba kinachomlinda mtoto dhidi ya baridi na upweke kitamlinda pia dhidi ya breki ya ghafla. Hapa ndipo hesabu inapolazimika kusema na mapenzi.

Sheria ya trafiki ya Kenya imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo cha mwendo mijini. Mwendo huo, ambao abiria wengi wa Nairobi wangeuita wa kobe, ni takriban mita 14 kwa kila sekunde. Gari linapogonga kizuizi na kusimama, kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule hadi kitu kingine kikizuie. Anayezuiwa namna hiyo hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha takriban mita 10, yaani kutoka dirisha la orofa ya tatu la mojawapo ya majumba ya kupangisha yaliyochipuka Riruta na Kawangware. Hakuna mzazi ambaye angempakata mwanawe na kujitupa kutoka dirisha hilo akitumaini kwamba mikono yake itamnusuru. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha magari ya abiria katika barabara kuu, kimo hicho hufika takriban mita 25.

Hesabu ya pili inahusu nguvu za mikono. Chukua mtoto wa kilo 10, uzito wa kawaida wa mtoto wa mwaka mmoja hivi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimamishwa na kizuizi ndani ya nusu mita, nguvu inayomvuta mtoto huyo mbele huwa kama mara 20 ya uzito wake. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mikono ya mama inatakiwa kuzuia mzigo wa kilo 200, yaani zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Wapagazi wa sokoni huinua gunia moja kwa mgongo, nao hujiandaa kwanza. Mama aliyesinzia baada ya zamu ya usiku hawezi kuzuia magunia mawili kwa vidole. Si swala la mapenzi wala la uangalifu. Ni swala la misuli, na hakuna misuli ya binadamu iliyoumbwa kwa kazi hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba wamepata ufumbuzi kwa kumzungushia mtoto mkanda ule ule waliojifunga wao. Hilo huongeza hatari badala ya kuipunguza, kwa kuwa uzito wote wa mtu mzima humbana mtoto dhidi ya mkanda huo. Mzazi asiyejifunga kabisa humponda mwanawe dhidi ya kiti cha mbele. Mbeleko nayo, iliyo msaada mkubwa njiani na shambani, haikutengenezwa kwa ajili ya gari: mtoto aliyefungwa mgongoni huwa katikati ya mgongo wa mama na kiti, akitumika kama mto.

Ipo sababu nyingine inayomfanya mtoto ahitaji kiti chake mwenyewe badala ya mkanda wa watu wazima. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima hakifiki hata moja ya saba. Kichwa hicho kizito kimeshikwa na shingo ambayo mifupa na kano zake hazijakomaa. Gari likisimama ghafla huku mtoto akitazama mbele, mwili hushikwa na kichwa huvutwa, na shingo ndiyo inayolipa. Nyonga zake nazo ni ndogo mno kuushikilia mkanda wa watu wazima usiteleze. Mkanda hupanda tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuukinga, na kuumiza ini, matumbo au uti wa mgongo.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mkanda wa ncha tatu unaopita kiunoni na begani ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Katika miaka ya 1960, Bertil Aldman, daktari na mtafiti wa Uswidi, aliwatazama wanaanga wa Marekani walivyolala chali katika viti vyao wakati wa kurushwa angani, mgongo wote ukigawana mzigo, akawazia kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ya gari. Wazo lenyewe ni rahisi: gari likigonga, mtoto husukumwa ndani ya mgongo wa kiti chake, na kichwa, shingo na kiwiliwili husimama pamoja. Mwaka 1978 jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza Marekani kulazimisha watoto wadogo wawekwe katika viti hivyo, na majimbo mengine yakafuata. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kiti kinachofaa na kilichofungwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga na wadogo wanaosafiri garini kwa zaidi ya nusu. Shirika hilo hilo linataja majeraha ya barabarani kuwa sababu kuu ya vifo vya walimwengu wenye umri wa kati ya miaka 5 na 29.

Mzazi wa Riruta mwenye gari, na wapo wengi siku hizi, anahitaji kujua nini basi? Kwanza, kiti huchaguliwa kwa kufuata uzito na kimo cha mtoto. Umri hukadiria tu. Mtoto mchanga huwekwa katika kiti kinachotazama nyuma. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 129 inataka aketi hivyo angalau hadi miezi 15, na Waswidi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma hadi karibu miaka minne. Anapokizidi kiti hicho, huhamia kile kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani na kiunoni. Baadaye hukalia kiti cha kuinua, ambacho kazi yake ni kumpandisha ili mkanda wa gari upite katikati ya bega na juu ya mapaja badala ya kupita shingoni na tumboni. Hapaswi kuachishwa kiti hicho hadi kimo chake kifike takriban sentimita 135, na baadhi ya nchi hutaka zaidi.

Pili, kiti bora kilichofungwa vibaya hakina faida kubwa. Kikitikiswa pale mkanda unapopita, kisisogee zaidi ya upana wa vidole viwili. Mikanda ya mtoto isiwe imejisokota, na iwe imekaza kiasi kwamba mzazi akijaribu kuibana kwa vidole begani asipate kunjo. Wakati wa baridi ya Julai, wazazi wa Nairobi huwavisha watoto majaketi mazito kabla ya kuwafunga. Jaketi hilo hunywea gari linapogonga na kuuacha mkanda ukiwa umelegea. Ni heri mtoto afungwe akiwa na nguo nyepesi, kisha afunikwe blanketi juu ya mikanda. Tatu, kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa maana mfuko huo hufumuka kwa nguvu za kumuua mtoto. Mahali pake ni kiti cha nyuma cha gari.

Nne, yafaa kukichunguza kiti cha mtumba kabla ya kukifurahia. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililogonga huenda kimepata nyufa zisizoonekana. Mzazi akikutana na kiti cha bei nafuu, iwe ni Toi, Gikomba au kwa jirani, atafute lebo yenye herufi E ndani ya duara, inayoonyesha kwamba kimepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Akague tarehe ya kutengenezwa, na ahakikishe mikanda na kifungo vyote vipo. Muuzaji asiyeweza kueleza kiti kilikotoka anauza bahati nasibu.

Hapa lugha inajitokeza tena. Magari mengi madogo yaendayo katika barabara za Kenya yameletwa yakiwa yametumika Japani. Onyo kuhusu mfuko wa hewa, lililobandikwa kwenye kiwambo cha kuzuia jua mbele ya abiria, aghalabu limeandikwa kwa Kijapani. Kijitabu cha maelezo ya kiti cha mtoto nacho huja kwa Kiingereza, pengine pamoja na lugha kadhaa za Ulaya. Kwa hiyo mtoto wa Riruta hulindwa kwa maneno ambayo huenda baba yake hawezi kuyasoma kabisa na mama yake anayasoma kwa kubahatisha. Katika mtaa ambamo Wakikuyu, Waluhya, Waluo, Wakamba, Wakisii na wengineo huelewana kwa Kiswahili, onyo la kuokoa maisha halipo katika lugha hiyo. Ni aibu kwa taifa ambalo Katiba yake ya mwaka 2010 iliitaja lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi.

Itasemwa kwamba yote hayo ni mambo ya wenye magari, na kwamba wengi wa wakazi wa Riruta, Kawangware na Kibera husafiri kwa matatu, kwa bodaboda au kwa miguu. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Kiti cha mtoto kinagharimu pesa ambazo kwa familia nyingi ni kodi ya nyumba. Hata kama mama angekuwa nacho, angekibeba vipi kutoka Kabiria hadi mjini, na angekifunga wapi katika gari ambalo viti vyake vina mikanda ya kiunoni tu, ikiwa ipo? Lakini hoja hiyo ikiachiwa hapo huishia pabaya. Afrika Kusini ilitunga kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 2015, ya kuwataka watoto wa chini ya miaka mitatu waketi katika viti vyao, kisha ikayaachilia mabasi na magari madogo ya abiria wanaolipa nauli. Mtoto wa mwenye gari akakingwa na sheria, na mtoto wa abiria akaachiwa mapaja. Kenya yenyewe, katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, ilihesabiwa miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya kitaifa ya viti vya watoto. Marekebisho ya sheria ya trafiki ya mwaka 2017 yaliyagusa magari ya shule: yapakwe rangi ya manjano na yawe na mikanda iliyokusudiwa watoto. Mtoto huyo huyo akishuka basi la shule na kupanda matatu na mama yake, hurudi kuwa mzigo usiolipiwa.

Wanaosema kwamba matatu haziwezi kubadilishwa wamesahau historia ya karibuni. Mnamo mwezi wa Februari mwaka 2004, kanuni zilizotolewa na Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mkanda katika kila kiti, na zile ndogo zikabeba abiria 14 pekee. Wenye magari waligoma, abiria wakatembea kwa miguu siku kadhaa, na wengi wakatabiri kwamba kanuni hizo hazingedumu hata wiki. Hata hivyo mikanda iliwekwa na abiria wakajifunga. Baadaye usimamizi ulilegea, mikanda ikachakaa na kuchafuka, na abiria wakaiacha ining'inie. Mafunzo ni mawili. La kwanza ni kwamba tabia ya abiria na ya mwenye gari inaweza kubadilika kwa muda mfupi panapokuwa na nia. La pili ni kwamba hata katika siku zile za nidhamu, mtoto hakuwa katika hesabu. Abiria walikuwa 14 na mikanda 14. Aliyepakatwa hakuhesabiwa kuwa abiria.

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Kupakata katika matatu ni daraja la nauli. Mzazi hupewa punguzo, na punguzo hilo hulipiwa na mtoto kwa usalama wake. Utingo naye hana sababu ya kumtengea mtoto kiti kinachoweza kukaliwa na mtu mzima anayelipa. Maadamu bei ni hizi mbili tu, ama nauli kamili ama bure mapajani, mzazi maskini atapakata, na haifai kumlaumu. Kinachohitajika ni bei ya tatu: nusu nauli kwa mtoto anayeketi kwenye kiti chake akiwa amefungwa mkanda. Tangu kanuni za mwaka 2014, magari ya abiria hutakiwa kuendeshwa chini ya sacco au kampuni. Chombo cha kukubaliana kuhusu nauli hiyo kipo basi. Sacco inayohudumu katika barabara moja inaweza kutenga viti vichache vya safu za katikati, ikavifunga mikanda ya ncha tatu na kuweka viti vya kuinua ambavyo havimfilisi mtu. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, nayo inaweza kuyaangalia hayo wakati wa kukagua magari, kama inavyokagua magurudumu na vidhibiti mwendo. Serikali inayotaka kuwahimiza wenye magari madogo ina njia pia: sheria ya viti vya watoto, iende sambamba na unafuu wa kodi kwa viti vyenyewe na mpango wa kuviazima kupitia kliniki za akina mama. Sheria bila kiti itazaa hongo, na kiti bila sheria kitabaki kuwa cha wenye nacho.

Mpaka hayo yatimie, mama wa Satellite atasafiri kesho asubuhi. Afanye nini? Akiweza kusubiri gari lisilojazwa kupita kiasi, asubiri. Akatae kiti cha mbele kando ya dereva na kile kilicho mkabala wa mlango. Mtoto anayeweza kuketi wima mwenyewe alipiwe kiti pesa zikiwepo, na mkanda wa kiunoni ushushwe hadi juu ya mapaja, usikae tumboni. Mkanda huo haumtoshi kama kiti chake kingemtosha, lakini unashinda mapaja. Kama ni mtoto mchanga na hakuna njia nyingine, mama ajifunge mkanda yeye kwanza, kisha amshike mtoto kifuani nje ya mkanda huo. Huo si usalama. Ni shari iliyo nafuu kuliko shari nyingine, na yafaa iitwe hivyo ili mtu asije akaridhika nayo. Kuhusu bodaboda, ambayo kisheria hubeba abiria mmoja tu, hakuna namna salama ya kumweka mtoto mdogo juu ya tangi la mafuta mbele ya mwendeshaji. Umbali ukiruhusu, miguu ni bora.

Baba aliye na gari lakini anampakata mwanawe kwa sababu "tunaenda hapa Dagoretti Corner tu" hana udhuru huo wa umaskini. Gari halijui kwamba safari ni fupi. Kilomita mbili zinatosha kufikia mwendo wa 50 kwa saa, na Ngong Road, tangu ilipopanuliwa kuwa na njia mbili kila upande, huwashawishi madereva kwenda kwa mwendo wa juu zaidi msongamano unapopungua. Wala kilio cha mtoto asiyetaka kufungwa si hoja. Wahenga waliliona hilo kabla ya magari kuletwa waliposema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kwa upande wa vyama vya Kiswahili vyuoni, kazi ipo na haihitaji ufadhili mkubwa. Istilahi za jambo hili bado zinayumba. Wengine husema kiti cha mtoto, ambacho chaweza kuwa cha mezani au cha choo; wengine hukimbilia Kiingereza. Yapendekezwa hapa kwamba jumla yake iitwe kiti cha mtoto cha garini, na aina zake ziitwe kiti cha kutazama nyuma, kiti cha kutazama mbele na kiti cha kuinua, kwa kuwa majina haya humweleza msikilizaji kazi ya kila kimoja bila kufungua kamusi. Wanafunzi wa tafsiri, badala ya kurudia kila mwaka kutafsiri vifungu vya magazeti, wangepewa kijitabu cha kiti na lebo ya onyo la mfuko wa hewa, kisha wakapeleka tafsiri zao katika kituo cha Satellite wakazisome mbele ya wazazi, madereva na utingo. Tafsiri isiyoeleweka hapo irudishwe darasani hata kama sarufi yake haina doa. Wanaoshughulikia isimujamii wangechunguza jinsi kitenzi kupakata kinavyotumika ndani ya matatu, nani humwamuru nani, na nani huthubutu kukataa. Na walimu wa fasihi simulizi, wanapofundisha methali ya ajali, wasiishie kuitaja tu. Waeleze neno hilo lilikotoka na lilivyobadilika, ili mwanafunzi akienda nyumbani asiitumie kumfunga mtu mdomo mbele ya gari lenye mikanda iliyokatika.

Hakuna anayetaka kitenzi kupakata kifutwe. Kibaki katika nyimbo za kubembeleza, barazani, kitandani na kwenye foleni ya kliniki. Kinachotakiwa ni kwamba mtoto anapoingia garini ahesabiwe kuwa abiria kamili, awe na mahali pake na kinga yake. Siku utingo wa Naivasha Road atakapobadilisha amri yake na kusema, "Mama, funga mtoto mkanda," na mama akaukuta mkanda upo, mzima na unamtosha mwanawe, methali ya ajali itakuwa imerudi mahali pake pa asili, kuwaliwaza wafiwa wa misiba isiyoepukika.